Baba mwenye Parkinson anapokwenda kupasuliwa, saa za dawa anazishika nani?

Mzee wa miaka 68 amelazwa kwa ajili ya upasuaji wa ngiri. Ngiri yenyewe si kubwa, daktari amesema ni kazi ya saa moja tu. Jioni muuguzi anapita na maagizo yanayojulikana katika kila wodi: kuanzia saa 6 usiku mgonjwa asile wala asinywe chochote. Binti yake, ambaye amewaacha watoto kwa jirani ili aje kumuuguza baba, anayashika maagizo hayo kwa moyo wote. Anaondoa chupa ya maji mezani. Anaondoa na kopo la dawa.

Mzee huyu ana ugonjwa wa Parkinson, mwaka wa saba sasa. Nyumbani humeza kidonge saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 3 usiku. Siku ya upasuaji hamezi hata kimoja. Orodha ni ndefu, katikati analetwa mama mjamzito wa dharura, mzee anasogezwa nyuma. Anaingia chumba cha upasuaji saa 9 alasiri. Anatoka salama, kidonda kizuri. Jioni anatapika, anachomwa sindano ya kuzuia kutapika.

Kesho yake asubuhi mzee ni mgumu kama gogo. Hasemi, mate yanamtoka, joto limepanda, na anamwita binti yake kwa jina la shangazi aliyefariki zamani. Kabla daktari hajapita wodini, kundi la WhatsApp la familia limeshatoa hukumu. Mmoja anasema ni kiharusi. Wengine wote wanasema dawa ya usingizi imemharibu baba.

Mzee huyu ni wa mfano, hana jina wala hospitali. Lakini wataalamu wa usingizi wanaijua picha hiyo vizuri, na wanajua pia kwamba ndani yake dawa ya usingizi ndiyo yenye kosa dogo. Tangu kidonge cha mwisho saa 3 usiku hadi anaingia kupasuliwa, mzee alikaa saa 18 bila dawa yake. Halafu ikaja ile sindano.

Parkinson ni ugonjwa wa ubongo unaokwenda polepole. Daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza katika kijitabu chake mwaka 1817, na jina lake likabaki. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo mwili huitumia kuendesha mwendo. Seli hizo zinakufa kidogo kidogo. Mkono unaanza kutetemeka ukiwa umetulia, hatua zinakuwa fupi, sauti inafifia, uso unakuwa kama wa mtu aliyenuna kumbe hajanuna. Hadi dalili zionekane, sehemu kubwa ya seli hizo imeshapotea.

Dawa inayotumika zaidi ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Haiponyi ugonjwa, ila inamrudishia mtu mwendo kwa saa kadhaa. Haikai mwilini: nusu ya kilichoingia kwenye damu huisha baada ya kama saa moja na nusu. Mgonjwa wa miaka ya mwanzo bado ana akiba kidogo ya dopamini yake mwenyewe, hivyo akichelewa kidonge hatikisiki sana. Mgonjwa wa miaka saba ni kama simu ya zamani isiyotunza chaji. Ikiwa kwenye umeme inafanya kazi vizuri, ukichomoa waya inazima.

Ndiyo maana saa za vidonge kwa mtu huyu si suala la utaratibu tu. Dawa ikikatika ghafla, misuli yote inakaza, ikiwemo ya koo na ya kifua. Kumeza kunakuwa kugumu, kukohoa kunakuwa hafifu, na mate au chakula kinaweza kushuka mapafuni kikaleta nimonia. Kwa baadhi ya wagonjwa hali inakwenda mbali zaidi: homa kali, kuchanganyikiwa, mapigo ya moyo kwenda mbio, misuli kukaza hadi kuumia yenyewe. Hali hiyo inaua isipotambuliwa mapema.

Sasa turudi kwenye yale maagizo ya saa 6 usiku. Sababu yake ni ya kweli kabisa. Mtu aliyelazwa usingizi hawezi kulinda koo lake, na chakula kikirudi kutoka tumboni kinaweza kuingia kwenye mapafu. Kwa kawaida chakula kigumu huachwa kwa muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, na maji matupu huruhusiwa mpaka zibaki saa 2. Lakini kufunga chakula na kuacha dawa ni vitu viwili tofauti. Kidonge cha levodopa kinaweza kumezwa na funda dogo la maji asubuhi ya upasuaji, na miongozo ya wataalamu wa usingizi inataka kiendelee hadi karibu na muda wa kuingia. Muuguzi anayesema "asiweke kitu mdomoni" anasema neno linalowafaa wagonjwa wengi wa wodi ile. Kwa huyu mmoja linahitaji maelezo ya ziada, na mara nyingi hakuna wa kuyatoa kama familia haikuuliza.

Wa kuulizwa ni nani? Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia. Zinazungumza na daktari wa upasuaji, zinasaini fomu ya ridhaa, zinahangaikia bima au michango, na mtu atakayemlaza mzee usingizi zinamwona kwa mara ya kwanza mlangoni, kavaa kofia na barakoa. Katika hospitali nyingi za wilaya Tanzania kazi hiyo hufanywa na muuguzi au tabibu aliyesomea usingizi, na wapo wachache. Si haki kumtegemea agundue kila kitu katika dakika tano. Ni vizuri familia iombe kuonana naye mapema, siku moja au mbili kabla, na imwambie mambo matatu: baba ana Parkinson, anatumia dawa hizi kwa saa hizi, na tunaomba awekwe wa kwanza kwenye orodha ya asubuhi. Kuwekwa wa kwanza ni ombi la kawaida. Wagonjwa wa kisukari hufanyiwa hivyo hivyo.

Kuhusu usingizi wenyewe, watu huuliza kipi bora, ganzi ya mgongo au nusukaputi. Jibu la daktari huwa ni "inategemea", na wala hakwepi swali. Ganzi ya mgongo ina faida kubwa kwa mgonjwa wa Parkinson: anabaki macho, anaweza kusema anavyojisikia, kichefuchefu ni kidogo, na anaweza kumeza kidonge mapema baada ya kutoka. Lakini Parkinson huharibu pia mfumo unaoshikilia presha. Wengi wao wakisimama ghafla presha inashuka na wanapata kizunguzungu, na ganzi ya mgongo nayo hushusha presha. Halafu kuna kutetemeka. Upasuaji wa mtoto wa jicho, kwa mfano, hufanywa kwa ganzi kwa watu wengi, ila kichwa kinachotikisika chini ya kisu ni jambo jingine.

Nusukaputi humtuliza mgonjwa kabisa, kwa kuwa kutetemeka hupotea akiwa usingizini. Shida iko mwanzoni na mwishoni. Tumbo la mgonjwa wa Parkinson hutoa chakula polepole na mate hujaa kooni, hivyo mtaalamu huwa makini zaidi kuilinda njia ya hewa kwa kuweka mpira kwenye koromeo. Akiamka, kifua dhaifu na kikohozi hafifu humfanya achelewe kupumua vizuri peke yake. Hata mashine ya moyo inaweza kudanganya: mkono unaotetemeka unachora mistari inayofanana na moyo uliopoteza mapigo, na kuna watu wameshakimbiliwa bure kwa sababu hiyo.

Kwa kifupi, njia zote mbili zinawezekana na zinafanywa. Mzee asinyimwe upasuaji anaouhitaji kwa sababu tu anatetemeka. Ngiri ikijinyonga ni hatari kuliko nusukaputi.

Ile sindano ya kutapika ndiyo inayostahili kukaa kichwani mwa kila anayemuuguza mgonjwa wa Parkinson. Dawa ya kutapika iliyozoeleka sana ni metoklopramidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil. Inazuia kichefuchefu kwa kuifunga dopamini isifanye kazi yake, na haichagui mahali. Inaingia mpaka kwenye ubongo. Yaani mtu ambaye dopamini yake ni ya kuomba kwa vidonge anapewa dawa ya kuizuia hata hiyo kidogo. Prokloperazini na prometazini, ambayo wengi wanaiita Phenergan, zina tabia hiyo pia. Zipo dawa nyingine za kutapika zisizomgusa hivyo, ondansetroni ikiwa mojawapo, na daktari anajua ya kuchagua akishaambiwa ugonjwa.

Usiku kuna mtego mwingine. Wazee wengi huchanganyikiwa siku za mwanzo baada ya upasuaji, na wenye Parkinson zaidi. Mzee anavuta mipira ya dripu, anataka kwenda shambani saa 8 usiku, anawaona watu ambao hawapo. Wodi imejaa, muuguzi ni mmoja, na dawa iliyo karibu ya kumtuliza mtu anayefanya fujo mara nyingi ni haloperidoli au klopromazini. Hizo nazo huzuia dopamini, na kwa nguvu. Kabla ya kufikia huko, daktari anapaswa kuangalia kama mzee ana maumivu, kama mkojo umeziba, kama ana maambukizi, kama vidonge vyake vimepitwa saa. Sura anayoifahamu ikikaa karibu na taa kidogo ikiwaka husaidia kuliko inavyodhaniwa. Miwani yake pia, kama aliiacha nyumbani.

Kuna wagonjwa wachache wanaotumia selejilini au rasajilini pamoja na levodopa. Hao ni lazima waseme mapema, kwa sababu dawa hizo zikikutana na pethidini, sindano ya maumivu inayotumika sana baada ya upasuaji, huweza kuleta mgongano wa kutisha mwilini. Tramadoli nayo ina tatizo kama hilo. Na hata hapo dawa isikatwe nyumbani kwa uamuzi wa familia. Aliyeiandika ndiye wa kusema iachwe lini, au mtaalamu wa usingizi achague dawa nyingine ya maumivu.

Na upupu usisahaulike. Mmea huu unaowasha, ambao wataalamu huuita Mucuna pruriens, mbegu zake zina levodopa ya kweli, na unga wake unauzwa na kutumwa kutoka nchi moja hadi nyingine kama dawa ya asili ya Parkinson. Mzee anayeulamba kwenye uji kila asubuhi anatumia dawa isiyopimwa kipimo, na mtaalamu wa usingizi anahitaji kujua. Watu huficha dawa za asili hospitalini kwa kuogopa kugombezwa. Kugombezwa kunapita.

Baada ya upasuaji kazi ya saa inaendelea. Wodi hugawa dawa kwa mizunguko yake, asubuhi, mchana na jioni, na mzunguko huo haukupangwa kwa ajili ya mtu mwenye kidonge cha saa 4 na cha saa 8. Tatizo hili si la hospitali zetu tu. Uingereza chama cha Parkinson's UK kilianzisha mwaka 2006 kampeni ya kudai wagonjwa wapewe dawa kwa wakati hospitalini, na mwaka 2018 taasisi inayoweka viwango vya tiba nchini humo, NICE, iliandika kiwango chenyewe: levodopa imfikie mgonjwa ndani ya dakika 30 za muda wake aliopangiwa. Nchi yenye wauguzi wengi kuliko sisi imelazimika kuandika jambo hilo kwenye karatasi. Basi kwetu ndugu anayebaki wodini na kengele ya simu iliyotegwa mara tano ni sehemu ya tiba, asiombe radhi kwa kumwita sista kila saa 4.

Vidonge vyenyewe viende na mgonjwa kutoka nyumbani, ndani ya boksi lake lenye jina, vya kutosha siku zote za kulazwa na ziada. Duka la dawa la hospitali linaweza lisiwe navyo, au liwe na aina nyingine yenye kipimo tofauti. Mzee akishindwa kumeza, asilazimishwe na uji kijiko kwa kijiko; hapo ndipo nimonia inapoanzia. Daktari anaweza kuweka mpira mwembamba wa kupitia puani hadi tumboni na dawa ikapita humo. Ila vile vidonge vinavyoachia dawa polepole havisagwi kamwe, maana dozi ya saa nyingi humwagika kwa mara moja. Daktari hubadilisha kwenda aina ya kawaida. Kuna nchi ambako bandiko la dawa la kubandika kwenye ngozi hutumika kwa siku kama hizo, lakini si kitu cha kutegemea kukikuta kila mahali.

Chakula kina lake pia. Nyama, mayai, maharage na maziwa hugombania njia moja na levodopa kuingia mwilini, kwa hiyo kidonge kinafanya kazi vizuri kikitangulia chakula kwa kama nusu saa. Ndugu wanaokuja na supu ya kuku waruhusiwe, ila kidonge kiwe kimetangulia. Na choo: Parkinson yenyewe hufunga choo, dawa kali za maumivu huongeza, kulala kitandani huongeza tena. Siku tatu bila choo si za kuonea aibu kumweleza daktari.

Yote haya yanawezekana kama ugonjwa unajulikana kwa jina. Utafiti uliofanywa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwafikia watu zaidi ya 161,000 na kukuta wagonjwa 33 wa Parkinson. Walio wengi kati yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Walikuwa wakiishi nao kama uzee. Maana yake kuna wazee wanaoingia vyumba vya upasuaji wakiwa na Parkinson isiyoandikwa popote, na wa kwanza kuiona ni wale wanaokaa nao: mkono mmoja hauchezi akitembea, mwandiko umekuwa mdogo mdogo, hasikii tena harufu ya kitunguu jikoni, anachukua dakika nzima kugeuka kitandani. Mtoto anayempeleka mama kupasuliwa goti au tezi ya shingo anaweza kuyasema hayo kwa daktari hata kama hana jina la ugonjwa.

Ngiri hupangiwa tarehe. Nyonga haipangiwi. Wagonjwa wa Parkinson huanguka mara kwa mara, na mfupa wa nyonga ukivunjika bafuni saa 5 usiku, anayefika naye hospitali anaweza kuwa kijana wa jirani asiyejua hata jina la kidonge. Kwa hiyo karatasi iandikwe leo, kwa herufi kubwa: jina la ugonjwa na mwaka ulioanza, kila dawa na miligramu zake, saa ya kila kidonge, na mstari mmoja mwekundu, "asipewe metoklopramidi, prokloperazini, prometazini, haloperidoli wala klopromazini bila daktari kujua ana Parkinson". Nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa kabati, nyingine iwekwe kwenye mkoba wa kadi ya kliniki, na picha yake itumwe kwenye lile kundi la WhatsApp. Katika nyumba nyingi anayezijua saa za babu kwa kichwa ni mjukuu wa darasa la sita, anayetumwa kupeleka kikombe cha maji. Aitwe yeye aisome kwa sauti, kuona kama kuna saa iliyosahaulika.